Kaka Danieli, Nilimalizia Kufunga Ile Pampu

Kaka yangu Danieli,

Sijui barua hii itakukuta wapi, ndiyo maana naiandika wazi. Nitaiweka kwenye kundi la madereva wa watalii uliofanya nao kazi, na kwenye kundi la watu wa minada, na atakayeisoma kabla yako aisome tu. Mambo ya nyumba yetu majirani zetu wa Ganako waliyasikia zamani, kwa masikio yao, kupitia uzio. Hakuna cha kuficha tena.

Nianze na siku uliyolileta lile gari, maana ilikuwa siku nzuri, na siku nzuri za kwetu hazikuwa nyingi. Ulilivuta kwa kamba kutoka Arusha nyuma ya pikapu ya rafiki yako. Gari dogo jekundu la Kijapani, milango mitatu, ubavu umekunjamana, taa moja haipo. Majirani walicheka wakauliza kama ni la kuchezea watoto. Wewe ulifungua boneti ukaniita, "Neema, njoo uone. Lina turbo."

Sikujua turbo ni nini. Ukaniambia ni kama feni mbili zilizoshikana, moja inazungushwa na moshi wa injini, nyingine inaisukumia injini hewa kwa nguvu, ili injini ndogo ifanye kazi ya kubwa. Ulinieleza huku umeshika kikombe cha chai na hukuinywa mpaka ikapoa. Ulikuwa unashinda siku nzima kule kreta, hifadhini, na wageni wako, unawaonyesha faru na unawafungulia lanchiboksi zao, halafu unarudi nyumbani una vumbi mpaka kwenye kope, na badala ya kulala unaingia chini ya gari. Mimi nikiwa nimetoka zamu yangu ya mapokezi pale hotelini, nakuletea spana. Baada ya muda nikaacha kuleta tu, nikaanza kufungua.

Baba alilizunguka gari akalipiga teke tairi. "Hili hata gunia la mbaazi haliingii," alisema. Halafu akakutazama. "Boma hili ni la nani?"

"Lako, baba."

Siku ile iliishia hapo.

Nataka watu wasioijua nyumba yetu waelewe jambo moja. Baba akirudi kutoka kilabuni, tulijua kitakachofuata kwa namna alivyofunga geti. Akilifunga taratibu, tunakula. Akilibamiza, wewe unanishika mkono, tunatokea dirishani, tunaingia katikati ya mahindi. Unanikalisha chini, unaniegemeza kifuani, unaanza kuninong'oneza majina ya magari yote uliyoyajua: Landrova, Isuzu, Skania, Fuso. Ukiyamaliza unayarudia. Mpaka leo nikisikia mtu anataja Fuso nasikia na kile kilichokuwa nyuma yake, fimbo ya mkwaju ikimwangukia Ayo. Ayo, ndivyo tulivyomwita mama kwa Kiiraqw, na mpaka leo namwita hivyo. Baba alimvunja vidole kwa sababu ya chumvi. Alimng'oa jino kwa sababu alicheka na muuza vitunguu. Mara moja Ayo alikimbilia kwa kaka zake kule Buger, na kaka zake wakamrudisha wenyewe, wakala mbuzi wa baba, wakaondoka. Ile nyama tulinyimwa, na tulishukuru, maana tusingeweza kuimeza.

Tulipokua alipunguza kutupiga sisi. Ayo hakumpunguzia.

Unaikumbuka ile Jumamosi ya kupanda kuelekea geti la hifadhi, Lodoare? Ulikuwa umemaliza kunyoosha ubavu, umeweka taa, na umeifungua turbo isukume zaidi ya kiwandani. Nilikaa kushoto kwako. Tulipoanza mlima ukakanyaga, gari likaruka kama limechomwa sindano, nikapiga kelele, ukacheka. Halafu injini ikaanza kugonga. Tak tak tak tak, kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo. Ukatoa mguu mara moja. Uso wako ulibadilika. Ulisimama pembeni ukazima, tukabaki tunasikiliza chuma kinavyopoa.

"Lina kiu," ulisema.

"Maji?"

"Petroli. Hewa imekuwa nyingi, mafuta ni yale yale. Tukiendelea hivi moto wa ndani utayeyusha pistoni."

Ndipo ukaanza kukusanya vitu. Pampu kubwa ya kuweka ndani ya tangi. Nozeli kubwa, zile za kupulizia mafuta kwenye injini. Regyuleta ya kushika presha, na geji ya kuisomea. Mipira mipya, na ukanifundisha kusoma maandishi yake ili nisije nikanunua ya maji, kwa sababu petroli inakula mpira wa maji kidogo kidogo kwa ndani, na wewe hujui mpaka siku inamwagikia injini ya moto. Kila kipande ulikifunga kwenye gazeti na kukiweka juu ya kabati la Ayo. Ayo alikuwa anavifuta vumbi kila asubuhi. Sidhani kama umewahi kujua hilo.

Sasa naandika ile Jumapili. Nimeizunguka miaka yote hii.

Tulikuwa tumetoka ibadani. Ulisema leo tunateremsha tangi. Uliniambia nitoe kwanza fyuzi ya pampu, nikawasha injini ikanguruma hadi ikajizimia yenyewe, ili presha iishe kwenye bomba. Tukamwaga petroli kwenye madumu, tukayafunga, tukayapeleka mbali kule kwenye migomba. Tukainua gari nyuma. Wewe ukaingia chini, mimi nikashika jeki upande mmoja, na Ayo, ambaye hakuna aliyemwita, akaja akainama akashika tangi upande wa pili ili lisianguke kifuani kwako. Alikuwa bado amevaa kitenge chake cha kanisani. Ulimwambia, "Ayo, utachafuka." Akasema, "Shusha, nimeshika." Alikuwa anatabasamu. Mdomo umefumba, kama kawaida yake, kwa ajili ya lile pengo.

Mpira mmoja ulichomoka, na mafuta yaliyobaki yakakumwagikia kifuani na mkono wote wa kulia. Ukatukana kidogo. Ayo akacheka.

Geti likabamizwa.

Baba alisimama pale akitutazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Chakula kiko wapi?" Ayo akasema kiko jikoni, kinaiva, anakuja. "Mke wangu amekuwa fundi wa gereji?" Chini palikuwa na lile bomba la zamani la chuma tulilokuwa tumelitoa. Aliliokota akampiga nalo Ayo shingoni akiwa bado ameinama. Sauti ya pigo lile haikuwa kubwa. Ayo alianguka juu ya tangi, tangi likaanguka, na wewe ukajiburuta kutoka chini ya gari wakati baba anampiga mara ya pili na ya tatu, mgongoni.

Ulisimama kati yao. Mikono ilikuwa wazi, hukushika kitu. Mimi ni shahidi, na nimelisema hilo mahali panapohusika.

"Baba, weka chini. Nimelowa petroli, na mafuta yako kila mahali hapa. Weka chini tuongee."

Alitupa bomba. Nilidhani yameisha. Akaingia jikoni, akatoka ameshika kijinga cha moto, kinafuka, ncha yake nyekundu.

"Umelowa?" alisema. "Nitakukausha."

Akakirusha.

Moto wa petroli hauanzi mahali, unakuwepo tu. Mara moja ulikuwa kifuani kwako, mkononi, ardhini, kwenye bampa. Ulikuwa unakimbia. Nilikurukia miguuni ukaanguka, nikakutupia gunia, nikalala juu yako, nikakumwagia udongo wa shambani kwa mikono yangu. Nywele zangu za mbele ziliungua. Nilinusa nyama, na kwa muda mfupi wa kijinga kabisa nilifikiri chakula cha Ayo kinaungua.

Moto ulipozimika uliinuka. Ngozi ya mkono wako wa kulia ilikuwa imeachia, inaning'inia kama soksi. Hukulia. Ulikwenda kwenye vifaa ukachukua spana ya magurudumu, ile ndefu, ukaishika kwa mkono wa kushoto. Baba alikuwa bado amesimama, nadhani alikuwa ameshangaa kazi yake mwenyewe. Ulimpiga begani, mfupa ukalia. Ulimpiga gotini akaanguka. Ukainua tena, na wote pale tulijua ile ya tatu inakwenda kichwani.

Ayo akamlalia baba.

Alijitupa juu yake, akamfunika kichwa kwa mikono yake, na shingo yake mwenyewe imevimba damu. Spana ilisimama hewani. Uso wako siwezi kuuandika.

"Ayo," ulisema. "Unamkinga yeye?"

Alifumba macho akazidi kumshikilia.

Ukairusha spana, ikapasua kioo cha nyuma cha gari. Ukatoka getini na shati limegandia kwenye nyama. Nilikufuata mpaka barabarani, ukapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama. "Usinifuate, Neema." Nikasimama. Wale wa zahanati waliniambia baadaye walikufunga bandeji, ukaondoka kabla ya kuandikiwa dawa. Simu yako haikuita tena.

Baba aliposhonwa na kufungwa plasta alitangaza kila kona kwamba umetaka kumuua, kwamba kuna jalada, kwamba polisi wa Karatu na Loliondo wote wana picha yako. Danieli, hakuna jalada. Hakuna lililowahi kuwepo. Nilikwenda kituoni mwenyewe nikauliza. Asingethubutu kufungua kesi ambayo ingeanza na kijinga.

Gari lilibaki pale pale, nyuma limeinuliwa, tangi chini, rangi imebabuka. Kuku walianza kulala ndani. Baba alikuwa anaketi mlangoni na mkono wake mbovu, anakitazama kile kioo kilichovunjika kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani kaingia shambani kwake. Siku moja nilirudi kazini nikamkuta Ayo amepiga magoti, anafagia kinyesi cha kuku kwenye viti. Alikuwa tu anafagia.

Kesho yake nilichukua pampu juu ya kabati.

Nilifanya kwa hasira, na hasira ni fundi mbaya. Waya nilizichanganya nikaunguza fyuzi moja baada ya nyingine. Kisha nikakumbuka ulivyoniambia kwamba pampu kubwa inavuta umeme mwingi kuliko waya wa zamani unavyoweza kubeba, nikapitisha waya mpya mnene kutoka kwenye betri na kuufungia rilei yake, ile swichi inayobeba umeme mkubwa. Tangi nililipandisha mimi na Ayo. Wakati huu nilifunga geti kwa kufuli na ufunguo nikautia kwenye sidiria. Nozeli nilizipaka oili safi kwenye mipira yake midogo kabla ya kuzisukuma, kama ulivyonionyesha, lakini mmoja ulikatika sikuuona. Nikafungua swichi bila kuwasha injini ili nione kama kuna panapovuja. Petroli ilirushwa hewani kama mkojo wa mtoto, ikanipata jichoni. Nilizima, nikakaa chini. Petroli usoni na jiko linafuka pale nyuma yangu. Nilikaa hivyo muda mrefu. Halafu nikafungua, nikabadilisha mpira.

Baba alikuwa anatazama. "Ukimaliza nitalichoma," alisema. Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema kesho atapalilia.

"Jaribu," nilimwambia.

Nilinunua mtungi wa kuzima moto, ule wa unga, nikaufunga mbele ya kiti cha abiria. Gari halikuwahi kulala nyumbani tena, nililiegesha hotelini karibu na mlinzi. Lilikuwa linatoa moshi mweusi na kukohoa, kwa sababu zile nozeli kubwa zilikuwa zinamwaga mafuta kupita kiasi na kompyuta ya gari haikujua. Fundi mmoja wa Arusha akaunganisha kompyuta yake, akalipanga, akaniuliza nani amefunga. Nikasema kaka yangu. Sikuona sababu ya kueleza zaidi.

Nilijaribu kumtoa Ayo, Danieli. Nilipanga chumba mjini, nikanunua kitanda chake. Alikuja kukiona, akakikalia, akapapasa godoro, akasema ni zuri. Kisha akaomba nimrudishe kabla baba hajarudi. Nilimrudisha mara nyingi sana. Ile njia ya kutoka mjini hadi nyumbani niliichukia kila mti wake.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna mbaazi, mchana, jirani yetu Mama Sulle alinipigia simu kazini. Hakusalimu. "Neema, njoo. Leo anamuua." Nyuma ya sauti yake nilisikia sauti ya Ayo, na haikuwa inaita mtu, ilikuwa inatoka tu.

Sikuaga mtu pale mapokezi. Nilipoiacha lami nilikanyaga mpaka mwisho, na lile gari, kaka, lilikwenda. Halikugonga wala halikukohoa. Vumbi lilifunga dunia yote nyuma yangu. Geti lilikuwa limefungwa, na mimi sikusimama kulifungua. Nililipitia. Likang'oka na nguzo yake, kioo cha mbele kikapasuka, nikatokea katikati ya ua.

Baba alikuwa amemkandamiza Ayo kifuani kwa magoti. Mkono wake mzima ulikuwa na mpini wa jembe. Uso wa Ayo haukuwa uso. Taya lilikuwa limekwenda upande, na kila akivuta pumzi kulitoka mapovu ya damu. Baba alinigeukia. Nilikuwa nimeshachomoa mtungi. Nilimpulizia ule unga machoni na mdomoni, akiwa anavuta pumzi ili anitukane. Aliachia mpini akashika uso. Niliendelea kupuliza. Alianguka anakohoa na kutapika vumbi jeupe, na mimi niliendelea mpaka mtungi ukaisha, halafu nikaunyanyua ule mtungi mtupu juu ya kichwa chake.

Hapo ndipo nilipojua ulivyojisikia. Mikono ilikuwa myepesi kabisa. Hakuna kilichonizuia ila Ayo, ambaye safari hii hakuweza kunyanyuka kumlalia mtu. Alitoa sauti. Niliuweka mtungi chini kwa sababu ya ile sauti.

Majirani wakaingia. Walikuwa na fimbo na mawe, watu wale wale waliosikia miaka yote, na sasa walitaka kummaliza wenyewe. Mama Sulle alisimama mbele yao. "Mfungeni kamba, apelekwe kituoni," alisema. "Mkimuua hapa, mtoto wa watu ataulizwa yeye." Walimpiga kidogo hata hivyo. Wakamfunga kwa kamba ya ng'ombe. Mimi nilikuwa nimeshampakia Ayo.

Hospitali ya mjini walisema ubavu umetoboa pafu, lazima afikishwe Arusha mara moja. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kumchukua mjamzito. Daktari alimwekea Ayo bomba la kutoa hewa kifuani, akatazama gari langu lenye kioo kilichopasuka, akanitazama mimi. Akampa nesi chupa ya dripu na kumwambia, "Panda naye."

Hiyo njia unaijua. Rhotia, Kilimamoyo, kisha ule mteremko wa Manyara na kona zake. Nesi alikuwa nyuma amekumbatia kichwa cha Ayo kwa mkono mmoja na dripu kwa mkono mwingine. Nilizipita Landikruza za watalii kama zimeegeshwa, wageni wakitoa simu kupiga picha. Mto wa Mbu nilipita na honi imebanwa. Baada ya Makuyuni, ile nyoofu, turbo ilikuwa inalia kama firimbi, na nilikuwa nikiitupia jicho ile geji yako ya presha ya mafuta. Sindano yake ilisimama pale pale ulipotaka isimame.

"Dada, punguza, utatuua!"

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Basi sipunguzi."

Nesi alianza kusali kwa Kichaga. Nikamwambia aseme kwa sauti, ili Ayo asikie mtu.

Ayo yuko hai. Naandika peke yake hiyo sentensi kwa sababu najua utaitafuta. Ana macho yote. Sikio moja halisikii. Taya lilifungwa kwa waya na kwa majuma mengi alikuwa anakunywa uji kwa mrija, anajibu kwa mikono. Polisi walipokuja kuchukua maelezo wodini, ndugu zake baba walikuwa wameshafika na wajomba zetu wa Buger, wanazungumza habari ya mambo ya familia na kuyamaliza nyumbani. Ayo aliomba kalamu, akamwandikia askari neno moja kwa herufi kubwa: HAPANA. Mjomba mkubwa akasema, "Dada, fikiria." Ayo akalipigia mstari chini yake.

Mahakamani alisimama mwenyewe. Aliulizwa habari ya siku ile tu, akaanza na chumvi. Hakimu alimwacha aseme. Baba alikuwa anaangalia mikono yake. Yuko gerezani sasa, na kwa umri wake na miaka aliyopewa, sidhani kama atatoka kwa miguu yake. Nimejaribu kuhisi huruma. Siku nyingine inakuja, haikai.

Sasa nisikilize, kwa maana yote hayo nimeyaandika ili nifike hapa.

Siku waliyomtoa zile waya mdomoni, tulikuwa kwenye chumba changu mjini. Nilimpikia uji laini kwa mazoea, akasukuma kikombe. Nilidhani ataomba chakula. Sauti yake ilikuwa imekauka, ilibidi niiname karibu na mdomo wake.

"Danieli anajua kwa nini nilimlalia baba yake?"

Nikasema sijui, Ayo. Nadhani anafikiri ulimchagua yule.

Alilia. Sikuwahi kumwona Ayo akilia kwa sauti, hata chini ya fimbo. Alilia mpaka nikaogopa taya.

"Yule nilishamzika moyoni kabla nyie hamjajua kutembea," alisema. "Angepasuka kichwa pale, mimi nisingetoa chozi. Lakini Danieli angefungwa kamba shingoni. Mtoto wangu, kwa ajili ya mtu kama yule? Nilimfunika Danieli, Neema. Sikuwa na maneno. Mdomo ulikuwa umejaa damu. Nilikuwa nimefumba macho ili nisiione ile spana ikija, kwa sababu nilijua sitaondoka."

Hayo ndiyo maneno yake. Sijayaongezea.

Nimekasirika na wewe pia, ni lazima niseme. Umeniacha na yule mtu. Nilikuwa naamka asubuhi naoga, navaa sare, nawaambia wageni karibuni Karatu, wakati moyo uko nyumbani unasikiliza geti. Kuna siku nilikuwa nakutukana barabarani peke yangu ndani ya gari lako, kwa matusi ambayo wewe mwenyewe ulinifundisha. Nikikuona huenda nikakupiga. Kisha nitakukumbatia. Au nianze na kukumbatia, sijui.

Juma lililopita dereva wa lori la mnada alikuja hotelini kumshusha mgeni. Akanieleza habari za fundi mmoja huko Malambo, anatengeneza pikipiki za wafugaji na pampu za visima, mtu mkimya, Mmbulu kama sisi. Hakunji mikono ya shati hata jua likiwaka, na anasalimia kwa mkono wa kushoto. Wamasai walikuwa wanaona ni dharau, akasema, mpaka siku moja upepo ukainua shati lake wakaona ule mkono. Tangu hapo wanamletea maziwa.

Sikumuuliza jina. Niliogopa lisije likawa lingine. Nilimwambia Ayo alfajiri, akiwa anasonga nywele. Alimaliza kusonga, akafunga kitambaa, akauliza, "Lori linaondoka siku gani?"

Kwa hiyo tunakuja, Danieli. Mnada ujao. Tutakuwa juu ya magunia ya mahindi na chumvi, vumbi mpaka kwenye kope. Usijaribu kuhama, Ayo amechoka na safari ndefu. Na kama tukifika ukashindwa kutuangalia, usituangalie. Endelea na kazi yako, tupe mgongo. Sisi tutakaa chini hapo nyuma yako mpaka utakapogeuka.

Nakusubiri unisamehe hizo hasira, kama mimi ninavyokusamehe zako,

Mdogo wako wa tumbo moja,
Neema